Mtungi wa Mombasa

Landhi za Reli, Nakuru
Februari 1955

Baba Akoth,

Hatujambo. Ziwa la hapa limekauka, na upepo unatuletea vumbi jeupe la magadi hadi kwenye uji. Mchana mabati yanawaka, kwa hivyo natundika gunia lililoloweshwa maji mlangoni na kukumbuka nyumba ya nyasi ya mama kule Seme, na mtungi wake kwenye mchanga. Ulikuwa ukisema, "Eucabeth, nipe maji," hata mtungi ukiwa karibu na goti lako.

Nimefurahi kusoma katika barua yako kwamba tangu uhamishwe Mombasa joto halikusumbui, kwa kuwa ukitoka kazini unakuta mtungi umejaa, umefunikwa kitambaa kibichi. Miaka tisa ya ndoa yetu sijakuona ukijaza mtungi.

Msalimie anayekujazia.

Mama Akoth