Kiti cha Mama kwenye Ndege ya Saa Nne

Mama yangu anaweza kupanda ndege. Hayo yamesemwa leo saa tano asubuhi na daktari anayempima presha hapa mjini Kisii, kwenye kliniki iliyo juu ya duka la vitambaa. Presha imetulia, moyo hauna neno, na daktari huyo hajawahi kumkataza kusafiri kwa ndege.

Ni mimi niliyesema kwamba alimkataza.

Leo ni Ijumaa. Mvua imeanza saa nane, na hadi sasa maji yanashuka barabarani na maganda ya ndizi kuelekea soko la Daraja Mbili. Mhariri wa gazeti letu amenipigia mara mbili na sijapokea. Nimefanya kazi ya uandishi wa habari miaka ishirini na miwili, na katika muda huo sijawahi kumwekea mtu maneno mdomoni. Nimekosea majina ya vijiji, nimekosea cheo cha chifu, lakini kila niliyemnukuu alisema nilichomnukuu. Mara ya kwanza kubuni nukuu, niliibuni kwa ajili ya mama yangu.

Nitaeleza kwa mpangilio, hapa kwenye blogu yangu.

Miezi mitatu iliyopita gazeti lilichapisha makala yangu kuhusu ndege kongwe zinazosukumwa na pangaboi ambazo bado zinafanya kazi kila siku. Niliandika kuhusu zile za misitu ya Kolombia, zilizoundwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na ambazo mpaka leo zinabeba watu na magunia. Lakini sehemu kubwa ilihusu moja ya hapa kwetu, inayotoka Kisumu kwenda Nairobi kila asubuhi. Iliundwa nikiwa darasa la tatu. Fundi wake alinipitisha chini ya bawa, akanifungulia madaftari ya matengenezo, akanieleza kwamba umri wa ndege hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Huhesabiwa pia kwa saa ilizokaa angani na mara ilizotua, na kila kipuri kina siku yake ya kutolewa hata kama bado ni kizima.

"Hii ni karibu rika lako, bwana," aliniambia. "Tofauti ni kwamba yeye hukaguliwa kila asubuhi. Wewe ulikaguliwa lini?"

Makala niliifunga kwa maneno hayo. Jambo moja sikuliandika. Mhariri alitaka niruke nayo hadi Nairobi na kurudi. Nilimwambia muda hautoshi. Wiki hiyo hiyo nilikwenda Nairobi kwa barabara, na kutwa nzima ikaishia njiani.

Makala ilifika kijijini kwetu, Magwagwa. Mama na wenzake watatu wana egesangio, kikundi cha majirani wanaosaidiana shambani: leo wanachuma chai kwa huyu, kesho kwa yule. Mwenyekiti wao ni Mwalimu Kerubo, aliyestaafu ualimu lakini hakuacha kusahihisha watu. Yeye ndiye huwasomea gazeti. Kwa miaka mingi ndege ile imekuwa saa yao. Inapotokea upande wa Sondu, wananyoosha migongo, wanatua vikapu na kunywa uji. Mama ndiye huisikia kwanza. "Inakuja," husema, na wenzake hungoja kidogo kabla ya kusikia chochote.

Mwalimu Kerubo alipomaliza kusoma alisema wameitazama ndege hiyo vya kutosha kutoka chini. Mmoja akauliza kama haijazeeka mno. "Bwana Gazeti ameandika ni salama," akajibu, akimaanisha mimi. "Na huyo hata salamu huichunguza kabla ya kuitikia."

Basi wakaamua. Wangekwenda Nairobi kwa binti ya Mwalimu Kerubo, walale siku mbili, warudi kwa barabara. Mama alikwenda Daraja Mbili akanunua koti la mtumba la buluu, lenye vifungo vikubwa, kwa sababu alisikia huko juu kuna baridi.

Kabla ya tiketi kukatwa, Mwalimu Kerubo alinitumia orodha ya majina kwenye simu nikague kama yanalingana na vitambulisho. Majina manne, herufi kubwa, moja chini ya jingine. Jina la Mama lilikuwa la tatu.

Mwaka wangu wa pili kazini ilianguka ndege, nikapewa kazi ya majina. Kazi yangu ilikuwa kupiga simu kwa jamaa mmoja mmoja na kuwauliza jina la marehemu linaandikwaje. Niliifanya vizuri. Hakuna jina nililokosea. Orodha ile ya marehemu ilikuwa na sura hiyo hiyo: herufi kubwa, moja chini ya jingine.

Ndege iliyoanguka, kwa rekodi, ilikuwa mpya.

Nalijua hilo. Nilikuwa nalijua pia nilipoiangalia orodha ya Mwalimu Kerubo. Nikamjibu kwamba majina yote yako sawa, na Jumapili iliyofuata, tiketi zote nne zikiwa zimeshakatwa, nikaenda kwake baada ya ibada, kikundi kizima kikiwa pale, nikasema nimezungumza na daktari wa Mama naye amesema presha yake hairuhusu.

"Daktari yupi?" Mama aliuliza.

"Yule wa Kisii."

"Alisema hivyo mwenyewe?"

"Alisema mwenyewe."

Hakubisha. Hakuna aliyebisha. Ninaaminika, na siku hiyo niliitumia imani hiyo.

Jumatano ya wiki iliyopita wenzake walisafiri. Nilikwenda Magwagwa asubuhi, nikajiambia ninakwenda kumliwaza. Alikuwa peke yake kwenye chai, kikapu mgongoni. Saa nne na nusu hivi alisimama. "Inakuja," akasema. Mimi sikusikia kitu. Kisha nikasikia ule mvumo mzito wa pangaboi, nikaiona juu ya vilima vya Sondu, ndogo na nyeupe. Mama alivua kitambaa cha kichwa akakipunga. Alipunga mpaka ilipoingia mawinguni, akakifunga tena kichwani, akaendelea kuchuma.

Hapo nina jingine la kukiri. Niliifuatilia ndege ile kwenye simu mpaka ilipotua. Wanawake watatu ninaowaheshimu walikuwa ndani yake. Ilipotua salama nilishukuru, lakini shukrani yangu haikuwa kamili. Kuna sehemu yangu iliyotaka ichelewe, au irudi Kisumu kwa hitilafu ndogo isiyomdhuru mtu, ili ionekane nilikuwa sahihi.

Haikuchelewa hata dakika moja.

Jumamosi walikuja kwa Mama kusimulia. Nilikuwepo. Walisema pangaboi mwanzoni unaliona likizunguka, halafu linapotea kabisa na kelele inabaki. Walisema mhudumu alitaka kumkalisha mtu kwenye kiti kilichobaki wazi kando ya dirisha, Mwalimu Kerubo akaweka mkoba wake juu yake na kusema, "Hiki ni cha mwenzetu, ana udhuru." Mama alikuwa amelikunja koti la buluu mapajani.

"Mliniona?" akauliza.

Wenzake wawili wakatazamana. Mwalimu Kerubo hajui kudanganya, hata kwa wema. "Hapana," akasema. "Tuliona mabati tu yakimeta. Hata shamba hatukulijua ni lipi."

"Sawa," Mama alisema. "Mimi niliwaona."

Nilitoka nje kama mtu aliyepigiwa simu. Hakuna aliyekuwa amenipigia.

Sasa leo. Mama ana miadi ya presha kila mwezi, na mimi humpeleka. Alivaa lile koti. Daktari alimpima, akaandika, akamwambia mambo ni mazuri. Nilikuwa nimeshashika mkono wa mlango Mama alipouliza, kwa Kiswahili chake cha mjini, "Sasa daktari, hiyo ndege nitakatazwa mpaka lini?"

Daktari akainua kichwa. "Ndege gani, Mama? Nani amekukataza?"

 Daktari akanitazama mimi, kisha Mama.

Nilikuwa na nafasi ya kujibu. Ilikuwa ndefu ya kutosha. Nimehoji watu wengi na najua urefu wa kimya. Mama ndiye aliyeijaza.

"Labda ni mimi nilisikia mbaya," alisema. "Masikio ya uzee, daktari."

Daktari akacheka, akasema basi siku nyingine na masikio tuyapime.

Mama ndiye anayesikia ndege kabla ya mtu yeyote Magwagwa.

Tulishuka ngazi. Tuliingia kwenye hoteli ndogo kando ya duka la vitambaa, akaagiza chai na mandazi kwa wote wawili, kama nilipokuwa mdogo. Tulizungumza Ekegusii, na hapa natafsiri kwa uangalifu. Aliniuliza kama niliyoandika kwenye gazeti yalikuwa kweli. Nikasema ni kweli yote. Akauliza kama nilikuwa nayaamini. Nikasema niliyaamini kwa ajili ya wasomaji.

"Na mimi si msomaji," akasema.

Nikamweleza kuhusu orodha. Sikuwahi kumweleza mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza chai yake, akasema alidhani nilimzuia kwa sababu nilimwonea aibu, mwanamke wa kijijini miongoni mwa abiria wa Nairobi. Kwa wiki mbili ndilo alilokuwa akiliwaza akichuma. Alinunua koti lile, alisema, ili nisione aibu.

 Hakuwa na haraka. Nje mtu alikuwa anauza maembe kwa kipaza sauti.

Nilimwambia samahani. Akasema samahani ya hotelini inatosha kwa chai iliyomwagika. Uongo niliusema mbele ya kikundi, akaendelea, na kikundi kinaamini mpaka leo kwamba yeye ni mgonjwa: Mwalimu Kerubo amekuwa akimpunguzia mistari ya kuchuma. Kama nataka kulirekebisha kosa hilo, nilirekebishe pale pale nilipoliharibu. Hajui kwamba hiyo ndiyo kanuni ya gazeti. Kosa la ukurasa wa kwanza halisahihishwi ukurasa wa ishirini, mahali ambapo hakuna atakayeliona.

"Utawaambia wewe," alisema. "Mimi nitakuwa namimina chai."

"Na safari?"

"Kata tiketi mbili. Utakaa kando yangu nikuone uso."

Nimekaa na hayo tangu saa saba mchana. Ningependa kuandika kwamba nilimdanganya kwa sababu nampenda, na huenda ni kweli, lakini nimesikia wadanganyifu wengi wakinieleza hivyo hivyo na hakuna hata mmoja niliyemwachia aya hiyo. Nilidanganya kwa sababu niliogopa, na kwa sababu nilijua nitaaminika. Hofu ilikuwa yangu. Aliyebaki chini akipunga kitambaa alikuwa yeye.

Kuna na hili la makala. Ukweli wake haujabadilika: ndege inakaguliwa, fundi ni makini, vipuri vinatolewa kabla ya kuchakaa. Ila mtu aliyeyaandika hayo aliiona ndege ikiwa imesimama tu, hakuipanda. Nimemwandikia mhariri jioni hii na kumweleza hivyo. Atakaponijibu nitajua kama gazeti litasema lolote. Blogu hii imeshasema.

Jumapili, baada ya ibada ya pili, nyumbani kwa Mwalimu Kerubo, Magwagwa. Nimeandika kwenye daftari la kazi kama ninavyoandika miadi yoyote: mahali, saa, watakaokuwepo. Kwenye nafasi ya chanzo cha habari nimeandika jina langu. Najua Mwalimu Kerubo atanitazama juu ya miwani. Nitakaa. Nitangoja.

Halafu Alhamisi. Tiketi nimezikata kabla ya kuanza kuandika hapa. Mashine iliniomba majina ya abiria kwa herufi kubwa, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Nikaandika la Mama, na chini yake langu. Nilikagua tahajia ya yote mawili, mara mbili, kisha nikabonyeza.

Kiti cha dirishani ni chake. Tunaondoka Kisumu saa nne na dakika kumi asubuhi. Wenzake watakuwa kwenye chai.