Kitanda cha Mninga

Mke wangu Mama Kabula,

Pokea salamu zangu kutoka Nyarugusu, kwenye joto na vumbi la machimbo ya dhahabu. Nimechonga kitanda cha mninga, nikakisuka kwa kamba za katani na kutandika ile shuka uliyoitarizi. Jana jirani yangu Masanja, mchimbaji mwenzangu, alichungulia, akavua viatu mlangoni.

"Shemeji amekuja?"

"Bado."

Akayagusa maua yako ya uzi mwekundu. "Sasa kitanda kipana hivi umemtengenezea nani?"

Tangu hapo situlii. Naingia, natoka. Asubuhi nimeongea na dereva wa lori, amekubali kukipakia. Tunakuja huko nyumbani Ngokolo, mimi na kitanda, na huku sirudi. Mpakate Kabula kwa niaba yangu.

Mumeo akupendaye,
Baba Kabula