Wito wa Kwanza

Mama,

Shikamoo. Mkono unaandika hivyo wenyewe, japo najua marahaba yako sitaisikia tena.

Wiki iliyopita shule ya Mwanaidi ilituita wazazi. Mjukuu wako yuko kidato cha tatu sasa, kanipita urefu, na simu haimtoki mkononi. Walimu walitugawia maswali ya kupimia uraibu wa intaneti kwa vijana. Mtoto hukasirika akikatizwa? Huficha muda anaokaa mtandaoni? Huona heri simu kuliko kukaa na watu? Unachagua: kamwe, wakati mwingine, daima. Nilikaa kwenye lile dawati dogo, kalamu mkononi, nikaona kwamba sijui. Mama, mtoto naishi naye nyumba moja na sijui! Kote nikaweka "wakati mwingine" ili yaishe.

Njiani kurudi nyumbani Chumbageni nilikumbuka ulivyokuwa ukinipima mimi, enzi za redio yetu ya betri. Swali lako lilikuwa moja tu: nimeitika wito wa ngapi? Unasimama uwani, unga wa muhogo mikononi, unalivuta jina langu mpaka majirani wanacheka. "Zuhuuura weee!" Nikiitika wa kwanza, mzima. Wa pili, "huyu keshaanza." Wa tatu, redio inapanda juu ya kabati mpaka Ijumaa, na mchezo wa kuigiza unaendelea bila mimi. Nilinuna weee! Leo nalitamani kabati lile, na wewe umesimama mbele yake umeshika kiuno.

Tangu ututoke, hakuna anayeita katika nyumba hii. Chakula kikiiva namtumia Mwanaidi meseji, yeye chumbani, mimi jikoni. Ananijibu kwa kile kidole gumba cha manjano.

Jana nilisonga bada kwa unga wa muhogo, na mchuzi wa papa kama upendavyo. Simu nikaiacha ndani. Nikasimama pale pale pako uwani, nikalivuta jina lake ulivyokuwa ukilivuta wewe: "Mwanaiiidi weee! Njoo ule, mwana!"

"Abee, bibi!"

Alitoka mbio, hana viatu, hana simu. Akanikuta mimi. Tukatazamana, kisha akaniangukia kifuani akalia kilio ambacho hakukilia hata siku za matanga. Miezi yote hii nilidhani mtandao umemchukua, kumbe alikuwa hataki kusikia nyumba ilivyo kimya. Chakula kilipoa, tukakila hivyo hivyo, huku akinisimulia visa vyenu ambavyo hata mimi sikuvijua.

Simu bado anayo, sitakudanganya. Asubuhi hii nimemwita mara mbili. Lakini nakuahidi, hapa watu wataitwa kula kwa mdomo, na jina la mtoto litavutwa mpaka majirani wacheke.

Pumzika, mama yangu. Jioni nikiwa uwani bado najikuta nimetega sikio. Ungeniita, ningeitika wa kwanza.

Mwanao,
Zuhura