Shamba Lisilopitika Mara Moja

Mkumbi,
Jumapili, 3 Septemba 1995

Mwanangu Lidia,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwako, na kupitia kwako kwa wakazi wote wa Mbaha pamoja na samaki wao, kwamba leo mimi Hyasinti, mwenye shamba, nimeshindwa kupita shamba langu mwenyewe.

Sisi wazima. Mguu wa mama yako umepoa, mdomo bado. Nyinyi huko ziwani, na lile joto lenu?

Sasa nikueleze. Unalijua shamba la mteremkoni: mashimo ya ngolo yamepangwa kama madirisha ya shule, kila shimo limezungukwa na matuta. Kila mwaka nikipanda maharage juu ya matuta, najikuta nimerudia tuta nililokwisha kulipita. Nikajiuliza: hivi hakuna njia ya kupita kila tuta mara moja tu, bila kurudia hata moja, bila kuvuka shimo? Nimeanzia juu, nimeanzia chini, nimeanzia penye mgomba. Kila nikikaribia kumaliza, limebaki tuta moja, liko ng'ambo, linanitazama.

Basi, huyo mwalimu Cleopa wako. Mshenga wake alikuja, akakaa, akanywa pombe yangu, akasema kijana anafundisha hesabu. Uanglikana wake haunisumbui, Mungu ni mmoja. Ila kujua hesabu kila mtu anasema anajua. Akinionyesha njia hiyo, nawapa baraka zangu. Asipoionyesha, mshenga asirudi. Pombe yenyewe imekwisha.

Baba yako,
Hyasinti


Mbaha,
18 Septemba 1995

Baba,

Shikamoo. Na Mama naye shikamoo yake, usiichanganye na yako. Mimi sijambo, ila joto ni lilelile, na darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati. Barua yako ilishuka na lori la wachuuzi wa samaki, inanuka sasa kama sisi.

Cleopa alilichora shamba lako ubaoni, akalitazama, hata chaki akasahau kuiweka chini. Anasema njia hiyo haipo. Si kwamba ameikosa. Haipo kabisa, hata kwa mwenye miguu mipya.

Naandika kama alivyonieleza. Matuta yanapokutana pana njia panda. Ukiifikia kwa tuta moja, lazima uondoke kwa jingine. Kwa hiyo kila ukipita hapo unatumia matuta mawili. Penye matuta manne hakuna taabu: unaingia, unatoka, unaingia, unatoka. Lakini ukingoni mwa shamba kila njia panda ina matuta matatu. Unaingia, unatoka, unaingia tena, umenasa. Mahali pa namna hiyo panaweza kuwa pawili tu, pa kuanzia na pa kuishia. Shamba lako limezungukwa napo pande zote.

Anasema zamani watu wa mji mmoja Ulaya walihangaika hivyohivyo na madaraja yao, mpaka mtaalamu mmoja akawaambia wakapumzike.

Baba, swali limejibiwa. Tunangoja baraka.

Mwanao,
Lidia


Mkumbi,
Jumapili, 1 Oktoba 1995

Mwanangu,

Nakusalimu, na huyo mtaalamu wako msalimie. Hapa afya nzuri, kahawa inakaukia kwenye vichanja, na wanunuzi binafsi wanapita kila mmoja na mizani yake, kila mzani na dini yake.

Nimesoma majibu. Nimesoma mara ya pili nikiwa nimekaa. Kijana anakuja kuomba binti, na neno lake la kwanza ni "haipo"! Mimi niliomba miguu, yeye ameleta maneno. Hao Wazungu walikuwa na madaraja, mimi nina maharage. Amelikanyaga lini shamba langu? Babu yako aliyepanga yale matuta hakuwahi kuona ubao, na hakuna aliyemwambia haiwezekani.

Nimeamua kuitafuta mwenyewe. Siku za kazi shambani kuna watu, wanauliza maswali ya kipumbavu, kama "umepoteza nini?" Kwa hiyo naenda Jumapili, watu wakiwa kanisani pametulia. Mama yako amesema Mungu ananiona. Nikamwambia vizuri, basi anionyeshe njia.

Nikiipata, Cleopa ataniambia vipi tena?

Baba yako


Mbaha,
14 Oktoba 1995

Baba, shikamoo.

Natumaini hamjambo wote. Mimi mwili mzima, moyo umechoka.

Ulitaka akudanganye? Angeweza kusema njia ipo, akakuacha uzunguke mpaka Pasaka, naye akapata mke. Amekwambia kweli kwa sababu anakuheshimu. Unamwadhibu kwa hilo?

Ndugu zake wananiuliza kila siku: "Wifi, mzee amesemaje?" Nawajibu mzee yuko kwenye matuta. Wanacheka. Mimi sicheki. Siku hizi hata kahawa inaruhusiwa kuchagua mnunuzi, Baba, mimi nangoja tuta.

Majilio yanakuja, na Padre hafungishi ndoa Majilio. Nataka niingie kanisani nimeshikwa mkono na wewe. Hicho tu. Usinitumie swali lingine. Niandikie ndiyo au hapana.

Mwanao,
Lidia


Mkumbi,
Jumapili, 26 Novemba 1995

Mwanangu mpendwa Lidia,

Unaendeleaje, mama? Mimi niko peke yangu na kuku, wote wazima. Mama yako aliondoka Alhamisi kwenda Tingi kumtazama dada yake, anasema anaumwa. Kavaa kile kitenge chake cha Pasaka. Kumtazama mgonjwa! Wanawake hawa.

Usinikasirikie kwa kimya. Nilikuwa kazini.

Cleopa alisema kweli. Haya, nimeandika, sitaandika tena. Nilizunguka Jumapili baada ya Jumapili, na mwisho nilisimama ukingoni, kwenye njia panda ya matuta matatu, nimeingia mara ya pili, sina pa kutokea. Nikasikia kama kijana anazungumza nyuma yangu. Nilimtukana kidogo, kisha nikakaa chini nikafikiri.

Kama matatu ndiyo yananasa, basi yawe mawili! Kwanza nilibomoa tuta lote la ukingoni. Kosa. Kila njia ikawa inaishia hewani. Nikalirudisha, mgongo ukalia. Halafu nikabomoa kipande kimoja kati ya njia panda mbili, nikaacha kinachofuata, nikabomoa kingine, hivyo hivyo mpaka nikalizunguka shamba. Sasa hakuna penye matatu tena. Kufukia udongo wa ngolo ni kazi ya wanawake, kila mtu anajua, sisi wanaume tunafyeka na kupanga majani tu. Wamenicheka mpaka watoto. Na mama yako akirudi atauliza maji ya mvua yatapita wapi.

Lakini leo asubuhi nimeanzia penye mgomba, nimepita kila tuta mara moja, nimerudi penye mgomba. Nilipiga kelele. Hapakuwa na mtu.

Cha ajabu, habari zimeenea kabla yangu. Mwezi huu watu wananipongeza njiani, "Hongera sana, Mzee Hyasinti!" Sikujua hesabu zina wapenzi wengi namna hii Mkumbi. Hata mdogo wangu Bernadi, Alhamisi hiyohiyo, alikuwa anakimbilia lori na koti jipya la mitumba, akanishika mkono kwa nguvu, machozi yanamlengalenga.

Sasa jibu lako. Ndiyo. Ndiyo kwa moyo wote. Aje Cleopa alipite shamba, nitembee nyuma yake. Jumamosi ijayo bado si Majilio. Nitakushika mkono mimi mwenyewe.

Baba yako anayekupenda,
Hyasinti


Mbaha,
4 Desemba 1995

Baba,

Shikamoo. Natumaini Mama amefika salama.

Barua yako nimeipata leo. Cleopa ameisoma, kisha akachora shamba jipya ubaoni. Anasema ni sahihi kabisa.

Tuliandikishwa kwa Padre mwisho wa Oktoba. Tulitangazwa hapo Mkumbi, kanisani kwetu, Jumapili tatu, kama sheria inavyotaka. Mama alikataa kukwambia. Alisema, "Akija kusali atasikia mwenyewe, na mimi nikimwambia ataleta swali lingine." Kila Jumapili alikuwa akitazama mlangoni.

Tulifunga ndoa hapa Mbaha, Jumamosi ya tarehe 25 Novemba. Baba mdogo Bernadi ndiye aliyenishika mkono.

Mwanao,
Lidia