Kulisha Maji Matupu

3 Februari

Mkwe wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za cherehani, maana ndiyo ninayoongea nayo kutwa. Afya yangu si mbaya, ila goti la kushoto linalalamika kila nikikanyaga pedali. Na wewe je? Bado wanakufulisha mashuka ya hospitali nzima? Ule vizuri, maana nakujua, ukichoka unalala na chai tu.

Nakuandikia habari ya tangi la samaki la marehemu mume wako. Ulipohama uliniachia, na mimi toka siku ile natupia humo vitambaa vinavyobaki. Juzi mteja alikuja kujaribu sketi, akauliza, "Mama, hiki kioo chote cha nini?" Nikamwambia ni tangi la samaki la mwanangu. Akauliza tena, "Sasa samaki wako wapi?" Nikaendelea kubana pindo la sketi, pini mdomoni.

Alipotoka tu nikatoa vitambaa vyote, nikalisugua, nikajaza maji ya bomba mpaka karibu na ukingo. Maji yanang'aa mpaka unaona ufa wa ukutani upande wa pili. Wiki ijayo nakwenda kununua samaki. Ninachouliza ni kimoja tu: mwanangu alikuwa ananunua wa aina gani?

Ningepiga simu, lakini unajua simu zetu. Mimi nalia, wewe unalia, salio linakwisha, na hakuna aliyesema kitu. Afadhali kalamu.

Mama mkwe wako

9 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimeuona mwandiko wako kwenye bahasha nikakaa juu ya mafurushi ya mashuka nisome, msimamizi akanifukuza, nikamalizia chooni. Mimi mzima. Joto la kule kwenye mashine ndilo linalonimaliza, lakini nimezoea.

Mama, nakuomba sana, usinunue samaki kwanza, hata wale wenye mikia mipana aliokuwa ananunua yeye. Maji yako yanang'aa, sikatai, lakini hayajawa tayari. Maji ya bomba yana dawa ya kuulia vijidudu, na dawa hiyo inachoma samaki. Hilo ni jepesi, nimekutumia chupa ya kuiondoa. Kubwa ni hili: samaki akila anachafua maji, na uchafu wake unageuka sumu inayoitwa amonia. Huioni, na ikiwa kidogo hata hainuki. Kuna vijidudu wazuri wanaoila, lakini kwenye tangi jipya hawajazaliwa. Lazima uwasubiri.

Hata mwanao mara ya kwanza alikuwa na haraka kama wewe. Aliweka samaki siku ile ile aliyojaza maji. Baada ya siku chache nikamkuta anawatoa kwa kijiko, mmoja mmoja, kanipa mgongo nisimwone uso. Toka hapo akawa mtu wa kupima.

Kwenye mzigo huu mna pampu, chakula cha samaki, vichupa vya matone na kadi ya rangi. Washa pampu, isizimwe kabisa. Kila asubuhi tupia chembe kidogo za chakula cha samaki, zioze zenyewe, ndizo zitakazowalisha hao vijidudu. Kisha chota maji kwenye kichupa cha kioo, tia matone, tikisa, linganisha na kadi. Kwa amonia, njano ni salama, kijani ni hatari. Kuna kipimo cha pili, cha nitriti: buluu ni salama, zambarau ni hatari. Vyote viwili vikiwa salama, na chakula bado unatia, ndipo uende dukani.

Mkweo

26 Februari

Mkwe wangu,

Natumai barua hii inakukuta umekauka jasho. Sisi huku hatujambo, mimi na pampu yako inayonguruma kama paka mzee. Goti lile lile.

Nimefanya ulivyosema. Nimepima na kupima. Kijani! Si kijani cha kubahatisha, kijani cha sare za shule. Nikasema labda nimekosea matone, nikarudia. Kijani. Na maji yale yale ya bomba nayanywa kila siku na sijafa.

Halafu sikia. Jirani yangu, yule muuza maua, aliingia bila kubisha kama kawaida yake, akanikuta natupia chakula kwenye tangi.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Nalisha."

"Unalisha nani?"

"Bado hawajaja."

Aliniangalia kwa huruma, mwanangu, huruma ile ya siku ya mazishi. Akanishika mkono, akaniambia kuna mama anayezungumza na wafiwa pale zahanati, nikaonane naye. Sasa mtaa mzima unajua kwamba fundi kapoteza akili, analisha maji matupu. Wateja wananisemesha polepole kama mgonjwa. Mmoja alisema hana haraka na blauzi yake, nipumzike. Nimemshonea siku ile ile, kwa hasira, na imekaa vizuri kuliko zote.

Niambie ukweli. Haya maji yatakuwa sawa kweli, au unanipa kazi ili nisikae nikiwaza? Kama ni hivyo sikasiriki. Nataka kujua tu.

Mama mkwe wako

5 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole kwa huyo muuza maua. Nilicheka hadi wenzangu wakadhani nimepandwa na wazimu na mimi. Mimi salama, mikono tu imebabuka kwa sabuni.

Yatakuwa sawa, Mama. Sikudanganyi. Hiyo kijani ndiyo tuliyoitarajia. Endelea kulisha. Itashuka, halafu zambarau ya kipimo cha pili itapanda, utakata tamaa kabisa, ndipo nayo ishuke. Usimwage maji yote uanze upya.

Kuna jingine. Nimeandika karatasi tatu nikazichana, kwa hiyo hili naliandika bila mapambo. Hospitali walitaka mtu wa kuendesha gari la mashuka, nikaenda kujifunza udereva. Anayefundisha ni mtu mzima, mpole. Nimemzimia gari katikati ya mzunguko mara zisizohesabika, na hajawahi kunipigia kelele. Tumezoeana. Amenichumbia, nami nimekubali. Sikutaka usikie kwa mtu mwingine.

Mwanao hajanitoka moyoni, Mama.

Mkweo

18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumai u mzima, ingawa hujanijibu. Mwezi umepita na zaidi. Kila bahasha ikiletwa naangalia mwandiko.

Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia, nikampigia jirani yako. Alisema uko mzima na unashona, ila ukisikia jina langu unaongeza mwendo wa cherehani.

Una haki ya kukasirika. Sikuulizi hata habari za maji. Nina swali moja tu, na ukitaka usilijibu: nikishaolewa, bado nikuite Mama, au niseme nini?

Mkweo

30 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima. Goti limepata dawa ya kuchua, linanuka lakini linasaidia. Nimesikia mikono imebabuka, paka mafuta kabla ya kulala, si baada ya kuamka.

Barua yako ya Machi ilinikuta nimeshika mkasi. Sitakuficha, nilikasirika. Nilikwenda moja kwa moja kwenye tangi, nikashika waya wa pampu nichomoe, nimwage kila kitu, nirudishe vitambaa vyangu. Nilisimama pale nimeushika. Pampu ikinguruma. Nikajiuliza nani ananikosea hapa, nikakosa mtu wa kumtaja. Mwanangu hakutaka kufa. Wewe hukutaka kuwa mjane katika umri huo. Nikauachia waya, nikatupia chakula, nikarudi kazini. Lakini kukuandikia nilishindwa. Kila nikianza, kalamu inaandika maneno ya kukuumiza, naacha.

Kupima sikuacha. Zambarau ilipanda kama ulivyosema, ikakaa, ikakaa, nikaizoea. Wiki iliyopita asubuhi natikisa kichupa, njano. Natikisa cha pili, buluu. Nikarudia kesho yake, njano na buluu. Nikachukua maji kwenye chupa nikampelekea mwenye duka, akapima na yeye. "Mama, haya maji amekuandalia nani?" Nikamwambia mkwe wangu, kwa barua.

Nimeanza na wawili tu, wana mikia mipana kama pindo la gauni. Kifuko walichokuja nacho nilikiacha kielee juu ya maji kwanza, kisha nikawafungulia taratibu. Mmoja alitoka mara moja. Mwingine aligoma ndani ya kifuko kama bibi anayekataa kushuka kwenye gari, mpaka nikamsukuma. Leo wanakula. Muuza maua amekuja kuangalia, akavuta kiti.

Sasa lako. Harusini sitakuja. Nisikudanganye nikakubali halafu nikajisingizia ugonjwa siku ile. Nikiona mtu mwingine amesimama pale, nitalia, na hiyo si siku ya mimi kulia. Huyo bwana asichukie, mweleze, mtu mpole ataelewa.

Lakini gauni nashona mimi. Usithubutu kumpa fundi wa huko, atakukaba kwapani. Vipimo vyako nilivyonavyo ni vya zamani na kwa vyovyote umekonda. Kwa hiyo njoo nikupime, na uje naye nimwone. Nataka kuona unaendesha wewe, yeye akae pembeni. Ukizima gari hapo nje, mtaa wote utacheka, na mimi nitacheka nao.

Kuhusu swali lako. Kwani umesikia wapi kwamba jina hilo linarudishwa?

Mama