Jina la Salima

Alhamisi, Rajabu

Makelele yote yale kwa ajili ya paka.

Mwanangu Tatu ameokota kitoto cha paka nyuma ya duka, akakiita Salima. Salima ni mdogo wake tuliyemzika mwaka jana, hata kutambaa alikuwa bado.

Mama mkwe alimsikia akimwita uani, akautupa mwiko kwenye ugali wa unga wa njano. "Paka anaitwa Madoa, anaitwa Nyau! Mnyama hapewi jina la maiti wetu. Hilo tumeliweka, atalichukua mtoto atakayekuja."

"Bibi, sasa mbona haji?" Tatu akauliza.

Mama mkwe akanigeukia mimi. Nikajifanya napuliza moto.

Hajui nilichoambiwa hospitali. Baba Tatu naye sijamwambia. Hakuna mtoto atakayekuja, na jina wameliweka kama nguo ya sikukuu, wanamsubiri mwenyewe. Siku wakijua, sijui kama nitabaki katika nyumba hii. Sijui hata nianze na nani.

Basi imeamuliwa, paka ni Madoa. Tatu amelia mpaka amelala bila kula.

Magharibi, mama mkwe alipokuwa kwenye mswala, nilichukua kichwa cha samaki, nikasimama mlango wa uani. Tangu mazishi nilikuwa sijawahi kulitamka jina lile. Nikaita taratibu, "Salima."

Akaja mbio.

Nikamfukuza kwa kanga. Kisha nikamwita tena.