Kabla Hujapokea Kiboko

Shuleni, tarehe 20 Februari 1911

Kwa kaka yangu mpendwa Yoramu,

Shikamoo, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, homa iliyokushika wakati wa Krismasi imekwisha, na miguu yako haivimbi tena kwa kushinda juu ya kokoto za reli. Mimi sijambo. Baba na mama hawajambo, wanakusalimu sana. Uwele umefika magotini, na yule ng'ombe wako mwenye doa jeupe amezaa ndama jike. Mama anasema ana macho kama yako, nami sijui kama anakusifu wewe au ndama. Barua hii inaletwa na Mzee Mbaruku, mchuuzi wa chumvi, ambaye punda wake wanapita kambini kwenu. Atarudi baada ya siku nane; tafadhali mpe jibu yeye mwenyewe.

Barua yako niliipata, nikamsomea baba. Umeandika kwamba Bwana Mdachi wa reli anataka kukufanya mnyapara wa watu arobaini, na mwisho wa mwezi huu utakabidhiwa kiboko. Umeandika kwamba huko mtu mpole huulizwa kama mama yake alimnyima maziwa, na kwamba ulipowaambia wapasua kokoto tafadhali, walicheka mpaka wakaweka nyundo chini. Kwa hiyo umekata shauri kuwa mtu mwingine, na umeniomba nifurahi pamoja nawe. Baba akasema kwamba amechunga ng'ombe tangu utoto na hajapata kumpiga hata mmoja kichwani, nao humjia akiita kwa sauti ndogo. Lakini siku hizi hata jumbe humwambia kwamba sauti yake ni ya kuitia vifaranga. Akachukua fimbo yake ya kutembelea, akaenda zizini.

Sikukujibu upesi, kaka, kwa sababu nami nilikuwa nimetakiwa kubadilika kama wewe. Sasa yamekwisha kunipata, na nitakueleza yote.

Mwezi uliopita Mwalimu Kefa alisema darasa la watoto wadogo linataka mwalimu, naye atachaguliwa katika sisi wasichana wakubwa. Nilitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Nilipewa darasa kwa juma moja nijaribiwe, pamoja na fimbo ya mkole, nyembamba, iliyonyooka vizuri. Niliitundika ukutani. Watoto wetu, kama unavyowajua, hawajui kuinua mkono. Wakitaka kusema huja mbele na kukuvuta nguo. Mmoja alikuja kusema ana mwiba. Mwingine alikuja kusema ameota fisi amevaa kofia ya askari, na darasa zima likataka kujua kofia ilimwenea namna gani. Niliwasikiliza wote. Tulisoma, lakini kwa kelele.

Ruthu, rafiki yangu ninayelala naye chumba kimoja, aliniambia kwamba akipita nje hudhani mbuzi wameingia shuleni. Mwalimu Kefa hakutania. Aliniambia kwamba dunia imegeuka. Sasa ni dunia ya kengele na amri, na mwalimu asiyeogopwa ni mtu aliyekaa tu mbele ya watoto. Akasema upole wangu ni mzuri kwa kulea wagonjwa. Siku ya sita angekuja pamoja na wazee wa kanisa kutazama.

Siku ile walikaa kwenye benchi la nyuma. Nilikwisha kuishusha fimbo ukutani. Tulikuwa katikati ya kusoma silabi, mara Yudith, yule mdogo wa nyumba iliyo karibu na kisima, akaondoka mahali pake pembeni, akaja akanivuta nguo. Niliwaona wazee wakitazamana. Nikampiga mara mbili miguuni, nikamwambia arudi kukaa mahali pake na asiondoke mpaka nimruhusu. Hakulia. Alirudi akakaa, na chumba chote kikanyamaza. Mwalimu Kefa alinipongeza mbele ya wote, akasema sasa ameona mwalimu. Siku ya Jumatatu kazi ikawa yangu. Mama aliposikia alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja.

Katika juma lile la pili darasa langu lilikuwa kimya, wapita njia wakasifu. Nilimwona Yudith akijipangusa kichwa mara kwa mara. Nywele zake zilikuwa na vumbi jeupe, nami nikadhani ni majivu ya jikoni kwao.

Kisha mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Unajua udongo wa paa la tembe unavyokuwa mzito ukinywa maji. Siku ya Alhamisi asubuhi, tukiwa tunasoma, boriti ya pembeni ikakatika na paa la upande ule likaanguka. Watoto wote walikimbia salama, ila Yudith alifukiwa mpaka kiunoni. Tulimfukua kwa mikono na majembe. Mguu wake wa kushoto ulivunjika chini ya goti. Watu wote walisema ni mvua na mchwa, wakamshukuru Mungu kwamba hakufa mtu, na wengine wakanisifu kwa kuwa nilichimba mpaka kucha zikatoka damu.

Sasa, kaka, nitakuambia jambo ambalo hawakulijua. Tulipomtoa Yudith udongo puani, mimi ndiye niliyekuwa karibu na kinywa chake. Aliniuliza kama sasa anaruhusiwa kuondoka mahali pake. Baadaye nilipoketi kitandani kwake nilimuuliza ni nini alichotaka kuniambia siku ile ya wazee. Akasema unga wa mchwa ulikuwa unamwangukia kutoka juu, na boriti ilikuwa inalia. Nilikuwa na masikio kwa ndoto ya fisi, lakini nilipotazamwa na wazee sikuwa na masikio kwa boriti. Mimi ndiye niliyemnyamazisha, na nililipwa kazi kwa kumnyamazisha.

Nilikaa na neno hili siku tatu. Jumapili, baada ya sala, nilisimama mbele ya Mwalimu Kefa, wazee, na baba yake Yudith, nikalisema kama nilivyokuandikia. Baba yake aliinamisha kichwa, akasema mwanawe aliyasema hayo nyumbani, naye alimwambia aache uongo. Mwalimu Kefa alikasirika. Alisema nimejivunjia heshima bure, maana hakuna aliyeniuliza, na kwamba kazi atapewa mwingine.

Lakini Jumatatu tulipokusanya watoto kwenye baraza ya kanisa, alikuja mwenyewe kuwauliza nani ameona mahali pengine penye mchwa. Aliuliza kwa sauti yake ya kawaida. Hakuna aliyejibu, walitazama miguu yao. Aliuliza tena, wakazidi kutazama miguu. Kisha mtoto mmoja akatoka, akampita mwalimu, akanivuta nguo mimi, akanionyesha. Ilikuwa nguzo ya pili mlangoni, palepale alipoegemea Mwalimu Kefa. Mwalimu aliondoka pale upesi kuliko nilivyopata kumwona. Aliigonga nguzo, ikatoa unga. Hakusema kwamba nina haki. Alisema tu kwamba nitashika darasa mpaka mavuno, bila fimbo, naye atatazama. Nami nitamwonyesha.

Fimbo yenyewe haipo. Mzee aliyemfunga Yudith mguu alitaka vijiti vilivyonyooka, nikaivunja vipande viwili nikampa. Imepata kazi.

Kwa hiyo siwezi kufurahi kama ulivyoniomba, kaka. Unyapara upokee wakikupa. Watu arobaini ni afadhali wawe nawe kuliko mwingine. Kiboko kikatae. Watakucheka, nami najua inavyouma. Lakini ninyi mnalala karibu na baruti na mawe yaliyoning'inia, na siku jiwe litakapolegea, nataka awepo mtu asiyeogopa kukuvuta nguo. Bwana Mdachi akikunyima kazi kwa ajili hiyo, rudi nyumbani bila aibu. Baba anakungoja, na ndama ni wako.

Yudith anakusalimu ingawa hakujui. Ameniambia nikuulize kama gari la moshi hupigwa fimbo ndipo liende. Nimemwambia sijui, utamjibu wewe. Wasalimie wote mnaolala pamoja, na usiache kula.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Loisi binti Matonya